Msamaha Alioombewa Dufie

Katika chuo chetu cha ualimu pale Asuoso, kila mwanafunzi ana lalamiko na hakuna mwenye barua. Nasema hivi kwa uchungu, maana mwaka ule mimi, Ansaah, ndiye niliyekuwa katibu wa malalamiko katika serikali ya wanafunzi. Chumba changu kilikuwa nyuma ya bwalo, kati ya stoo ya viazi vikuu na bomba lisilofungika. Watu walikuja, wakakaa, wakalia. Mara bweni linavuja, mara mkufunzi fulani ana mdomo mchafu. Mimi nawasukumia kalamu na karatasi: haya, andika. Hapo mtu anakumbuka ghafla kwamba ameacha nguo kwenye kamba na mvua inakuja.

Siwalaumu sana. Kwetu mtoto akimshtaki mkubwa ameshakosa kabla kesi haijasikilizwa, na kosa lenyewe ni kule kushtaki. Mkubwa haandikiwi barua, mkubwa huombwa. Anatafutwa mzee mwenye ulimi mtamu, anakwenda na chupa yake ya kinywaji, anasema tumevua kofia, tusameheni, na mambo yanakwisha hapo. Nani hasa alikosa? Swali hilo halina kiti katika kikao cha namna hiyo. Desturi hii naiheshimu ndugu wanapogombea mpaka wa shamba la kakao. Ikiingia kwenye matokeo ya mtihani, inanipandisha damu kichwani.

Basi Dufie alipobisha hodi nilidhani naye atalia kidogo kisha akumbuke nguo zake. Alikuwa msichana wa mwaka wa mwisho, mpole, wa kusema chini chini mpaka umsogelee. Akaniwekea karatasi ya matokeo mezani. Kwenye mazoezi ya kufundisha alikuwa amefeli, na pembeni mkufunzi aliyetakiwa kumkagua ameandika maneno mawili: hakuonekana darasani.

"Hukuonekana na nani?" nikamuuliza.

"Na Bwana Ofosu-Dankyi."

"Kwani alikuja?"

"Hajakanyaga shule ya Kwabrafoso hata siku moja! Dada Ansaah, nimefundisha darasa la nne muhula mzima. Kuna siku nilikuwa na homa nikafundisha nimekaa kwenye dawati. Leo anasema sikuonekana!"

Niliamini papo hapo. Barabara ya Kwabrafoso wakati wa mvua sote tunaijua, na Bwana Ofosu-Dankyi tunamjua pia, pamoja na gari lake jeupe ambalo hapendi lipate tope. Lakini kuamini kwangu kulikuwa hakumsaidii kitu. Kwa alama ile angerudia mwaka mzima huku wenzake wakipangiwa shule. Tena yale maneno mawili yangekaa kwenye faili lake maisha yote, na hakuna mwalimu mkuu anayempokea mwalimu aliyewahi kutoroka watoto. Na Dufie, nilikuja kujua, hakuwa na kazi nyingine aliyoitaka duniani zaidi ya ile.

"Mficha uchi hazai," nikamwambia. "Andika."

Akaandika. Nikasoma. "Mheshimiwa sana, kwa unyenyekevu mkubwa, mimi mtoto wako nisiye na kitu, napiga magoti mbele ya miguu yako..."

"We Dufie, unamwandikia nani, Mungu?"

"Makamu mkuu wa chuo."

"Basi toa magoti. Mtu akisoma magoti anatafuta dhambi."

Akaandika tena, na safari hii hasira ilikuwa imempanda. Bwana Ofosu-Dankyi alikuwa mwongo, mvivu, mnafiki, na tumbo lake pia lilitajwa.

"Tumbo lake lina kosa gani?"

"Linanikera."

"Litoe. Tumbo si ushahidi. Sema ulifundisha wapi, darasa gani, nani alikuona, na yeye kaandika nini. Halafu mwishoni useme unataka nini."

"Nataka aumbuke."

"Kamati ya malalamiko haina idara ya kuumbua watu. Wewe, Dufie, unataka nini?"

Akaikunja ile karatasi, akaikunjua. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya chini, "Nataka atumwe mkufunzi mwingine, aje akae nyuma ya darasa langu, anione nikifundisha. Nikishindwa mbele yake, nishindwe."

Hapo ndipo nilipompenda. Nilikuwa nimeshaona wanafunzi wakiomba kuongezewa alama, kuonewa huruma, kuombewa. Sikuwahi kumwona anayeomba kukaguliwa.

Tukaambatisha barua ya mwalimu mkuu wa Kwabrafoso aliyethibitisha kwamba binti alikuwapo kila siku, tukaenda masjala. Karani, Bwana Donkor, akaisoma akishika shavu.

"Nyie wasichana, mnamshtaki baba yenu?"

"Baba zetu wako nyumbani wanavunja kakao," nikamjibu. "Huyu ni mkufunzi. Piga muhuri, mzee wangu. Na kwenye nakala yetu pia."

"Nakala ya nini tena?"

"Barua isiyo na nakala ni uvumi."

Alipiga muhuri kwa nguvu, meza ikaruka. Barua ikaenda kwa mkuu wa idara, ambaye kwa utaratibu wetu ndiye anayejaribu kwanza kuwapatanisha watu. Aliwaita wote wawili. Dufie alikwenda, Bwana Ofosu-Dankyi akasema ana safari. Aliitwa tena, akawa na safari nyingine. Kwa hiyo lalamiko likapanda kwenye Kamati, tarehe ikapangwa, nami nikaanza kutembea kifua mbele kwa kuona mambo yanakwenda kama yanavyotakiwa. Nilikuwa nimesahau kwamba Dufie ana mama, na mama ana simu.

Mama aliposikia kwamba mwanawe amemwandikia mkufunzi barua, alilia kanisani mpaka kwaya ikanyamaza. Baada ya ibada alikwenda kwa kaka yake, Wofa Gyebi. Wofa ni mjomba, na kwetu mjomba upande wa mama ndiye mwenye watoto. Baba ni mtu mzuri tu anayekaa nao. Tena Wofa Gyebi alikuwa mkuu wa ukoo, mtu wa kuamua kesi za watu, wanatoka hata vijiji vya mbali kumfuata. Hakupoteza muda. Alichukua wazee wenzake wawili, kinywaji, mayai na jogoo, wakaenda nyumbani kwa Bwana Ofosu-Dankyi kuomba msamaha kwa niaba ya Dufie. Wakapokelewa vizuri, wakanywa, wakacheka. Walipotoka wakapita chuoni kutupa habari njema.

Tulikuwa chini ya banda la bwalo, mbele yetu bakuli la gari, ile chenga ya muhogo iliyokaangwa, tuliyoiloweka kwa maziwa na sukari. Wofa Gyebi aliingia anang'aa.

"Mwanangu, nimemaliza."

"Umemaliza nini, Wofa?" Dufie akauliza huku akisimama.

"Kesi yako! Yule bwana ni mtu muungwana sana. Amekubali, amesamehe. Amesema wewe uirudishe ile barua yako tu, naye atakuandikia alama ya kupita. Si ya juu, lakini utapita. Nimwambieje mama yako? Nimwambie apike!"

Mimi nilifungua mdomo, Dufie akanikanyaga mguu chini ya meza. Akamshukuru mjomba wake kwa adabu yote, akamsindikiza mpaka getini. Aliporudi, gari ilikuwa imevimba bakulini, hakuna aliyeitaka.

"Amesamehe!" nikalipuka. "Amesamehe nini? Yeye ndiye aliyekosa, amesamehe nini? Na jogoo kala!"

"Dada Ansaah, punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Habari zilienea kabla ya jioni. Wenzake wa bwenini walimjia mmoja mmoja, wote na wimbo uleule. "Shoga, chukua hiyo alama. Unataka nini tena? Mwenye nguvu mpishe." Mwingine akasema, "Wenzio waliofelishwa kama wewe hawana wajomba wa kuwaombea. Wewe umepata bahati, unaichezea." Na kweli walikuwapo wengine watatu walioandikiwa maneno yaleyale mawili, wakakaa kimya. Mimi, pamoja na hasira zangu zote, sikumwambia afanye nini. Mwaka wa kurudia ulikuwa wake, si wangu. Nilimwambia tu kwamba barua haiondolewi na mjomba wala mkufunzi. Anayeweza kuiondoa ni aliyeiandika.

Alikuja kwangu asubuhi yake kabla ya kengele.

"Nikichukua hiyo alama," akasema, "nitakuwa yule aliyetoroka watoto akasamehewa. Sikuwatoroka. Barua ibaki."

Siku ya Kamati tuliingia chumba cha mikutano tukiwa wawili. Taratibu zinamruhusu mlalamikaji kuja na mtu mmoja wa kumshika mkono, ila mtu huyo haruhusiwi kusema. Waliotunga sheria hiyo hawakuwa na habari kwamba siku moja nitahusika mimi. Mezani walikaa wajumbe watano, katikati yao Madam Boatemaa, makamu mkuu, mama mmoja asiyecheka bure na asiyekasirika bure. Bwana Ofosu-Dankyi akaingia na suti. Nyuma yake, amejitanda shuka lake zuri la lubega, akaingia Wofa Gyebi.

Dufie alishika kiti. Hakujua. Bwana Ofosu-Dankyi alikuwa amemleta mjomba wa Dufie kuwa shahidi wake.

"Madam, wajumbe waheshimiwa," akaanza Bwana Ofosu-Dankyi akitabasamu, "sioni haja ya kuwachosha. Hili jambo limeshakwisha nyumbani. Wazee wa binti walikuja kwangu, wakaniomba, nami kama mzazi nikasamehe. Mkuu wa ukoo wao huyu hapa. Mnajua wenyewe, mtu hawezi kuomba msamaha kama hana kosa. Na kanuni yenu inasema lalamiko likisuluhishwa, linafungwa."

Nikaona wajumbe wawili wakitikisa vichwa kwa raha. Nani anapenda kumhoji mwenzake wa kazini? Mmoja alianza hata kufunika kalamu yake. Nilijifinya paja kwa kucha ili nisiseme.

"Mzee Gyebi," Madam Boatemaa akasema, "ni kweli mlisuluhisha?"

Wofa Gyebi alijikohoza. Mtu kama yeye, neno akishalitoa mbele ya kinywaji halirudi. Kama angelirudisha, kesho nani angemletea kesi? Nilijua atajibu nini, na Dufie alijua. Lakini kabla hajajibu Dufie akasimama.

"Madam, samahani. Mjomba wangu alikwenda kwa ajili yangu, ila mimi sikumtuma. Utaratibu unaniruhusu kumuuliza shahidi maswali. Naomba nimuulize."

Mpwa amuulize mjomba maswali mbele ya watu! Mjumbe mmoja akasema, "Binti, angalia," lakini Madam Boatemaa akainua kidole, mjumbe akanyamaza.

"Uliza."

"Wofa, nakusalimu kwa heshima."

"Nimeitika, mwanangu," mzee akajibu, macho yakiwa makali.

"Siku ile mlipokwenda kwa Bwana Ofosu-Dankyi, mliomba msamaha wa kosa gani?"

"Kosa lako."

"Lipi, Wofa?"

"La kumwandikia mkubwa barua."

"Na la kuacha darasa je?"

"Hilo alilitaja yeye pale pale. Kwa kuwa tulikuwa tumeshafika, tukaliombea nalo."

Mtu mmoja mezani alikohoa ili asicheke. Dufie hakucheka. Sauti yake ilikuwa ileile ya chini, ila siku hiyo hakuna aliyehitaji kusogea ili amsikie.

"Kabla hamjaondoka nyumbani, ulimuuliza nani ilikuwaje?"

"Mama yako alikuja analia. Mtu analia, utamuuliza nini?"

"Mimi uliniuliza?"

Mzee akalirekebisha shuka begani.

"Wofa, Mama Nyarkoa na jirani yake walipogombea yule mbuzi, uliwasikiliza wangapi?"

"Wote wawili."

"Kwa nini usimsikilize mmoja tu, yule aliyefika kwanza analia?"

"Dufie, wewe unajua. Anayesikiliza upande mmoja..." Akasita. Akamalizia taratibu, "hajasikiliza."

"Mimi ni upande gani, Wofa?"

Bwana Ofosu-Dankyi alisema jambo fulani kuhusu adabu ya vijana wa siku hizi, hakuna aliyemgeukia. Wofa Gyebi alisukuma kiti chake nyuma akasimama. Akavua makubadhi, akakanyaga sakafu kwa miguu mitupu. Kisha akalishusha shuka kutoka begani mpaka kiunoni, kama anavyofanya mtu akiwa mbele ya chifu. Nilidhani anataka kumwomba Madam Boatemaa. Hakumtazama Madam Boatemaa. Alikuwa amemgeukia mpwa wake.

"Nilikuja hapa kusema jambo limekwisha," akasema. "Siwezi kusema hivyo. Nilikwenda kuombea kosa nisilolijua, kwa mtoto ambaye sikumuuliza. Kinywaji nilichotoa nimetoa. Neno langu nalirudisha. Dufie, nakuvulia kofia."

"Lakini mzee," Bwana Ofosu-Dankyi akaruka, "tulikunywa pamoja!"

"Tulikunywa," mzee akakubali. "Ndiyo maana naona aibu."

Nililia. Nasema wazi, nililia mbele ya Kamati, na hakuna kanuni inayokataza hilo. Dufie alisimama palepale, akasema tu, "Wofa, jitande shuka lako, kuna baridi," na mzee akajitanda.

Madam Boatemaa alivaa miwani. "Kwa hiyo hakuna suluhu," akasema. "Tusikilize lalamiko sasa." Yule mjumbe akaifunua tena kalamu yake.

Baada ya hapo mambo hayakuwa magumu. Barua ya mwalimu mkuu ilisomwa. Bwana Ofosu-Dankyi aliulizwa alifika Kwabrafoso lini.

"Madam, barabara ile kwa kweli..."

"Sijauliza barabara."

"Mvua za mwaka huu, na gari langu..."

"Bwana Ofosu-Dankyi, ulifika au hukufika?"

Akatazama tai yake. Hakufika. Akajaribu kusema kwamba si yeye peke yake, wakufunzi wengi hufanya hivyo, nadhani alitaka kujitetea. Madam Boatemaa aliyaandika maneno hayo polepole, herufi kwa herufi, na akamwambia asante kwa kutusaidia katika jambo hilo pia. Wale wengine watatu waliandika barua zao wiki ileile. Kalamu zangu ziliisha ikabidi nikaazime masjala. Bwana Donkor alinipa bila neno.

Kwa Dufie uamuzi ulitoka siku hiyohiyo. Alama ile ifutwe, na maneno yale yafutwe. Mkufunzi mwingine atumwe Kwabrafoso, akae nyuma ya darasa la nne, amwone akifundisha. Alichokiomba ndicho alichopewa, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Mkufunzi huyo alikwenda, akarudi na tope mpaka magotini, na Dufie akapita kwa alama ambayo hakuna mjomba angethubutu kuiomba.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni tulivyotoka katika chumba kile. Nilikuwa nimejaa maneno, nimenyamazishwa asubuhi nzima, nikataka kupiga vigelegele mpaka bwaloni. Wofa Gyebi alikuwa ameketi barazani kwenye ngazi, peke yake, makubadhi mkononi. Wazee kama yeye hawaketi kwenye ngazi. Nilifikiri atalalamika kwamba ameaibishwa, nami nilikuwa tayari kumjibu, mkubwa asiwe mkubwa.

Alimtazama Dufie akapapasa sakafu kando yake.

"Kaa, mwanangu. Haya, niambie. Ilikuwaje?"

Dufie akakaa. Alikuwa hajalia tangu siku ya matokeo, hata kidogo, na sasa machozi yakamtoka mpaka akashindwa kuanza. Mzee akangoja. Hakumharakisha, hakumwambia nyamaza. Ndipo akaanza kumsimulia, tangu siku ya kwanza alipoingia darasa la nne akakuta watoto wengi kuliko madawati, nami nikawaacha nikaenda zangu bwaloni.